Kurudi Kabla ya Kwenda

Harufu ya mafuta ya kondoo yaliyochemshwa pamoja na majani machungu ya msituni ni harufu ambayo pua haiisahau. Juma lililopita nilikuwa nikitoka shuleni, nikipita Sekei, nikakutana nayo nyuma ya ua wa nyumba moja. Mzee alikuwa ameketi juani akiyapaka mafuta hayo kwenye mkanda wa ngozi uliokauka. Nilisimama bila kujijua, vitabu mkononi, mpaka mzee akainua kichwa.

“Mwalimu, unamtafuta nani?”

“Simtafuti mtu, baba. Nimenusa mafuta.”

“Basi umekua kwa wawindaji,” akasema, akaendelea na mkanda wake kana kwamba jambo hilo halihitaji maneno zaidi.

Ni kweli, nilikua kwa wawindaji. Ninyi wa rika langu, mliozaliwa Wadachi wakiwa wameshajenga boma lao pale Arusha na wazazi wetu wangali wakiuzoea mlio wa tarumbeta yake ya asubuhi, hamtalishangaa neno hilo. Watoto ninaowafundisha leo wakisikia habari za mwindaji humfikiria Mzungu mwenye kofia pana na msururu wa wapagazi nyuma yake. Baba yangu hakuwa na kofia wala mpagazi. Alikuwa Mmeru kama Wameru wengine wa mteremko wetu: alikuwa na migomba, mbuzi, na shamba la ulezi lililotushughulisha sote. Lakini kazi za shamba zilipopungua aliuteremsha mkuki wake kutoka darini, akajipaka mafuta yale mwili mzima ili wanyama wasipate harufu ya mtu, na kuanzia hapo nyumba yetu ilinukia msitu.

Mwaka wa wawindaji ulianza ulezi ulipokwisha kuvunwa. Kabla mtu yeyote hajaingia msituni, wawindaji wa upande wetu wa mlima walikusanyika uani kwa bibi yangu mzaa baba, kwa sababu marehemu mume wake ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na kwa sababu, kama walivyokiri wenyewe, mbege yake, pombe ya ndizi na ulezi, haikuwa na mfano. Hapo kila mmoja aliwaeleza wenzake safari alizokusudia kuzifanya mwaka ule: ataingilia wapi, atatega wapi, atatokea wapi. Haja yake ni rahisi kuelewa. Msitu ulijaa mashimo ya kunasia wanyama na mitego ya kamba, na asiyejua mwenzake ametega wapi angeweza kunaswa yeye. Ila namna ya kuzieleza safari hizo ilikuwa ya kwetu peke yetu, na ndiyo iliyonipotosha.

Hakuna aliyesimama akatangaza atakachofanya. Kufanya hivyo kulihesabiwa kuwa ni kujigamba mbele ya mlima. Badala yake mwindaji alitoka uani, akashuka mpaka ndani ya migomba ambako hakuonekana, akajipaka tope miguuni, kisha akaja akijikokota na silaha zake zote kama mtu arudiye kutoka mbali. Wanawake walimpokea kwa pole nyingi. Bibi alimmiminia maji miguuni. Akapewa kibuyu cha mbege, akaketi, akashusha pumzi, na ndipo alipoisimulia safari nzima tangu mwanzo, mvua iliyomkuta na baridi iliyomwuma, kama mtu aliyekwisha kuifanya. Wenzake nao walimhoji bila huruma, kwa maana katika kuhojiwa ndiko makosa ya safari yalikoonekana kabla hayajamwua mtu.

Mama yangu hakuupenda mtindo huu. Alizaliwa upande wa magharibi wa mlima, kwa Waarusha, watu wa ng’ombe, ambao kwao mtu hupewa pole akiwa amechoka kweli. “Mnamnawisha miguu mtu ambaye hajatoka,” alikuwa akimwambia bibi, na bibi alimjibu, “Akishatoka nitamnawishia wapi, mwanangu?” Kisha wote wawili waliendelea kukoroga mbege, kila mmoja na imani yake.

Mimi nilikuwa mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa yameanza kung’oka. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kumshikia bibi mtungi wa maji, na kwa hiyo nilikuwa karibu na kila mguu uliooshwa. Niliona tope. Niliona miiba iliyonasa kwenye nguo zao za ngozi. Nilisikia jinsi walivyohema. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mfano, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza asijue. Niliamini kwamba baba zetu walikuwa wametoka safarini asubuhi ile, na safari zote walizozieleza zilikuwa zimekwisha salama.

Mwaka ninaoukumbuka haukuwa mwepesi kwa wawindaji. Bomani kulikuwa kumetangazwa kwamba asiye na kibali cha serikali asiguse mnyama. Kule Momela, karibu na maziwa, Mzungu mmoja alikuwa amepewa ardhi, na walinzi wake waliwafukuza watu kwa bunduki. Wengi walifupisha safari zao. Walirudi, kama nilivyoona mimi, kutoka mahali pa karibu na wakiwa na vitu vidogo. Hata hivyo utani haukupungua. Baba mdogo, Ndewario, aliyekuwa mfupi na mwenye maneno mengi, alikuja kutoka migombani ameinama kabisa kana kwamba amebeba nyumba.

“Pole, Ndewario,” akasema Mzee Sangito, aliyekuwa mkubwa wao wote na jicho lake moja halikufunguka vizuri. “Umerudi na nini mwaka huu?”

“Nyati dume, mzee wangu. Pembe zake hazikupita njiani, ikabidi nikate miti.”

“Kila mwaka unarudi na nyati, na kila mwaka mkeo anatupikia pimbi.”

“Pimbi wa kwangu ni wakubwa.”

“Tuyaache hayo. Mto uliuvukia wapi?”

“Pale kwenye gogo.”

“Gogo lile maji yalilichukua tangu masika.”

“Basi niliogelea.”

“Wewe? Wewe unayeoga kwa kibuyu huku umeshikilia mgomba?”

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko, na Ndewario mwenyewe akacheka mpaka mbege ikamwagika. Lakini hakuachwa mpaka ametaja mahali pengine pa kuvukia, na watu wakakubali kwamba panavukika.

Baba yangu alikuja wa mwisho. Hakuwa mtu wa kujikokota kwa mbwembwe. Alitembea taratibu, akaweka mkuki ukutani, akanyoosha miguu mbele ya bibi. Alipokwisha kunywa akasema kwa sauti ya kawaida, “Nimetoka Momela.”

Ndewario aliweka kibuyu chake chini. 

“Kaka, umerudije kutoka Momela na kumefungwa?”

“Nimerudi kwa miguu.”

“Sitanii mimi. Pale pana bunduki.”

“Nimeziona. Zilikuwa zimelala, na wenye bunduki wamelala vilevile.”

Wakacheka tena, wengine kwa kupendezwa na wengine kwa wasiwasi. Baba akawasubiri wanyamaze. Akasema kwamba njia ile ya Momela baba yao aliirudia kila mwaka mpaka kifo chake, na njia isiyorudiwa mwaka mmoja huota majani, mwaka wa pili watoto hawajui kwamba ilikuwapo. Alikwenda peke yake, masika yalipokwisha, kuangalia mitego ya pongo. Hakumgusa mnyama wa Mzungu wala kukanyaga shamba lake. Alipita juu ya maziwa, msituni, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kulima.

Ndewario hakuridhika. Akageuka kuwaambia waliokaa upande wake kwamba kaka yake anataka kumwachia mjane, na mabishano yakaanza huko, kila mmoja akitaka asikilizwe. Katikati ya kelele hizo Mzee Sangito alisogeza kigoda chake karibu na baba.

“Niambie. Uliporudi uliikuta njia iko wazi au imezibwa?”

“Niliikuta imezibwa.”

“Ukafanyaje?”

“Nikapanda juu, nikazunguka, nikaishukia tena njia pale kwenye mwamba wa chumvi. Nikalala hapo chini yake.”

Mwamba wa chumvi ulikuwa genge la udongo mweupe ndani ya msitu ambalo wanyama huenda kulilamba, na chini yake palikuwa na upenyo mkavu ambapo mtu aliweza kujikinga na mvua. Mzee Sangito alitikisa kichwa kwa kukubali. Nadhani ni sisi watatu tu tuliosikia, wao wawili na mimi niliyekuwa nimeukumbatia mtungi wangu.

Lakini jambo moja lilinitatiza, nami nikaliuliza kwa sauti.

“Baba, nyama iko wapi?”

Kicheko kilichofuata kilinifanya nijifiche nyuma ya bibi. Bibi peke yake hakucheka. Alinivuta mbele, akanifuta pua kwa kiganja, akasema, akiniita kama alivyozoea kuwaita wajukuu wake wa kike, “Nyama inakuja nyuma, mke mwenzangu. Ni nzito.”

Jibu lile lilinitosha kabisa. Kwa miezi iliyofuata nilikuwa mtoto mwenye hadithi. Nilipochunga wana-mbuzi niliwasimulia jinsi baba alivyorudi kutoka Momela, nikiigiza sauti zote, ya Ndewario mwenye hofu, ya Mzee Sangito mwenye maswali, na ya baba isiyopanda wala kushuka. Sikuacha neno. Watoto wasiojua kusoma hutunza maneno kwa namna ambayo sisi tuliokwisha kujifunza kuandika tumeipoteza. Hawana mahali pengine pa kuyaweka. Miaka mingi baadaye, katika chuo cha ualimu, tulifundishwa kuliandaa somo kwa kuanzia mwisho wake: kwanza ujue mwanafunzi atatoka darasani anajua nini, kisha ndipo upange utakavyoanza. Wenzangu waliliona jambo hilo kuwa gumu na la kigeni. Mimi niliandika kwa utulivu, na mbele ya macho yangu niliona watu wenye tope miguuni wakitoka migombani.

Masika yalipokwisha, baba alijipaka mafuta, akauteremsha mkuki pamoja na upinde, akaondoka alfajiri. Sikusumbuka. Nilielewa kwamba anakwenda kuifuata ile nyama nzito.

Siku alizotazamiwa zilipita, zikaja nyingine. Mwanzoni mama aliendelea kumwekea chakula, ndizi zilizopondwa na maziwa ya mgando, akikifunika kwa jani. Baadaye aliacha kukifunika, na halafu akaacha kukipika. Alikuwa mjamzito wakati ule, na alisimama mlangoni mkono ukiwa kiunoni, akiutazama mlima uliojificha ndani ya mawingu tangu asubuhi mpaka jioni. Wanawake wa jirani walianza kuja. Hawakusema kitu. Waliketi uani miguu wameinyoosha, na mmoja alikuwa akisuka kikapu bila kukiangalia.

Nilikasirika nao. Walikuwa wameiharibu nyumba kwa ukimya wao.

“Mbona mmekaa kama penye msiba?” niliwauliza. “Baba amesharudi.”

Aliyekuwa akisuka kikapu alisimamisha mikono. Mama akanitazama, na katika uso wake niliona jambo ambalo sikulijua jina. “Nyamaza, mwanangu,” akasema, si kwa ukali. Nilinyamaza, lakini sikuingiwa na hofu hata chembe. Walipolala na nyuso zao zimekunjamana mimi nililala usingizi mzito. Nilikuwa na uhakika kama niliokuwa nao kwamba mgomba ukikatwa utachipua mwingine. Ninajua watu wazima waliosali maisha yao yote wasiupate uhakika wa namna ile.

Asubuhi moja wawindaji walikusanyika tena uani kwa bibi, safari hii bila mbege. Walikuwa wachache. Vijana wenye nguvu walikuwa wamechukuliwa na askari kwenda kutengeneza barabara ya bomani, na waliobaki hawakutosha kugawanyika pande mbili. Kwa hiyo walipaswa kuchagua upande mmoja wa mlima, na kila mtu pale alijua kwamba wakikosea hawatapata nafasi ya pili. Mvua za juu zilikuwa baridi. Kama baba alikuwa hai, alikuwa hai kwa kidogo.

Ndewario alizungumza wa kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikusikia mzaha wowote katika sauti yake.

“Kaka yangu si mpumbavu,” akasema. “Kujisifu alijisifu hapa, tukacheka. Lakini alipofika Momela akawaona walinzi, akili ilimrudia. Hakupita kule. Amezunguka mlima kwa kaskazini, ameshuka magharibi kwa Waarusha. Atakuwa kwa shemeji zake, mgonjwa pengine, lakini yuko. Twendeni Sekei, tuulize kutoka kule kwenda juu.”

“Ndiyo,” mama akasema upesi. “Kaka zangu wangempokea. Wangempa maziwa.” Alisema neno hilo, maziwa, kana kwamba alikuwa ameshamwona akinywa.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni kwake. “Mwanangu hakurudi kwa Waarusha,” akasema. “Nilimnawisha miguu mimi. Alirudi kwa njia ya Momela.”

“Mama, yale ni mambo ya kunywea mbege!” Ndewario akasema. “Yule ni mtu, ana mguu wa kumpeleka atakako!”

“Kwenda, mtu huenda atakako. Mnyama hana njia moja. Lakini kurudi, alirudi mbele yenu nyote. Wewe ulikuwapo.”

“Nilikuwapo, na nilimwambia kwamba njia imefungwa. Imefungwa! Sasa unataka tukamtafute mahali ambapo hawezi kupita?”

Bibi akageuza uso, akautazama mlima.  Mama alikuwa analia kwa sauti ya chini, akimsihi Mzee Sangito waende magharibi, waende sasa hivi, jua linapanda. Mzee Sangito alimtazama kwa lile jicho lake zima, akashika fimbo yake, na nadhani alikuwa anasimama ili waende.

Mimi nilishangaa tu kwamba watu wazima wanaweza kusahau hadithi nzuri hivyo. Nikaenda katikati yao, nikaisimulia kama nilivyowasimulia mbuzi.

“‘Niambie. Uliporudi uliikuta njia iko wazi au imezibwa?’” Nilisema hayo kwa sauti nzito ya Mzee Sangito, nikilifumba jicho moja. “‘Niliikuta imezibwa.’ ‘Ukafanyaje?’ ‘Nikapanda juu, nikazunguka, nikaishukia tena njia pale kwenye mwamba wa chumvi. Nikalala hapo chini yake.’”

Hakuna aliyecheka. Ndewario alinitazama, kisha akamtazama mzee.

“Alisema hivyo?”

 “Alisema,” Mzee Sangito akakiri. “Mimi ndiye niliyemwuliza. Ninyi mlikuwa mnagombana.” Akapitisha mkono usoni. “Na nilikuwa nimesahau. Mtoto huyu ameniiga hata jicho.”

“Na kama ni maneno tu?” mama akauliza. “Kama yuko kwa kaka zangu?”

Mzee Sangito alichutama mbele yake, jambo ambalo mzee wa kwetu hakulifanya mbele ya mwanamke kijana. “Mke wa mwanangu,” akasema, “kama yuko kwa kaka zako, yuko mahali penye moto na watu, na anaweza kutungoja. Kama yuko kule mwambani, hawezi. Niruhusu niende kwa asiyeweza kungoja.”

 Mama alikwenda ndani akaleta ngozi ya kulalia, ile nzuri aliyokuja nayo alipoolewa, akaitia mikononi mwa Ndewario.  Wakaondoka kwa njia ya Momela, Ndewario akiwa mbele.

Yaliyotokea msituni sikuyaona. Nimeyapata kwa Mzee Sangito mwenyewe, aliyeyasimulia mara nyingi kabla ya kufa, na kila mara kwa maneno yale yale. Walipokaribia maziwa walikuta walinzi njiani kweli. Waliwakwepa kwa kupanda juu, mahali penye nyasi ndefu na mawe yaliyofunikwa na utando wa kijani wenye utelezi. Huko juu Ndewario aliona alama ya mtu aliyeteleza, majani yaliyong’olewa, na upinde uliovunjika. Baba hakuwapo. Alama iliendelea kushuka, si alama ya miguu, bali mkokoto mmoja mpana kama wa mtu anayevuta gunia. Walifuata mkokoto ule kwa muda mrefu sana. Ulipita kwenye upupu, ulipita katikati ya kijito, ulizunguka gogo ambalo mtu mzima mwenye miguu miwili angeliruka tu. Kila mara walidhani watamkuta nyuma ya mti unaofuata, na hakuwapo.

Walimkuta chini ya mwamba wa chumvi. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, naye alikuwa ameufunga kwa mpini wa mkuki na kamba za mitego yake mwenyewe. Alikuwa amekula majani na kulamba maji yanayovuja kwenye genge. Midomo yake ilikuwa imepasuka hata hakuweza kuwasalimu.

Ndewario alianguka magotini, akamshika mabega, akamfokea huku analia. “Kwa nini hukukaa pale ulipovunjikia? Kwa nini umejiburuta njia yote hii na mguu huo? Si ungetulia ukapiga kelele?”

Baba alitikisa kichwa. Walimpa maji, akameza, ndipo sauti ikatoka.

“Kule juu sikurudi,” akasema. “Nilirudi hapa.”

Mzee Sangito alipofika hapo katika simulizi yake alikuwa akinyamaza daima, na hata mimi, ambaye nimeshaisikia mara nyingi, sikuwahi kuharakisha ukimya huo. Nilipokuwa kijana nilifikiri wawindaji wetu walifanya ule mfano wa kurudi ili kuudanganya mlima au kujitia moyo. Sasa sidhani hivyo. Walikuwa wakiahidiana mahali. Kila mmoja aliwaachia wenzake sehemu moja ya kuaminika ndani ya msitu mkubwa, akijua kwamba jambo likiharibika popote pengine, kazi yake ni moja tu, kufika pale, na kazi ya wenzake ni moja tu, kufika pale. Baba hakuwa na shaka kwamba watakuja. Alikuwa na shaka na mguu wake tu.

Walimleta nyumbani mchana, wamembeba kwenye ngozi ya mama iliyofungwa kwenye miti miwili. Habari ilitangulia, na njia yote ya migombani ilijaa watu wanaopiga vigelegele. Wanawake wale waliokuwa wakikaa kimya uani walikuwa sasa wanaimba na kushikana mikono. Mama alitembea kando ya machela, mkono mmoja juu ya kifua cha baba, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Ndewario alikuwa ameanza tena utani wake. Alimwambia kila aliyekutana naye kwamba kaka yake ni mzito kuliko nyati dume, na kwamba safari hii ana mashahidi.

Nilipita kati ya miguu ya watu mpaka nikafika mbele. Nilikuja kama mtu anayekwenda kumlaki mgeni aliyemtazamia, nikiwa na maneno tayari mdomoni ya kuwaambia wote kwamba niliwaambia. Wakaishusha machela. Nikamwona.

Alikuwa mdogo. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na macho yalikuwa makubwa mno kwa uso ule. Mguu ulikuwa umevimba, mweusi, na ulielekea upande ambao mguu hauelekei. Na tope lilikuwapo, lakini halikuwa tope la migombani, la mtu aliyejipaka kwa kiganja. Lilikuwa limekauka juu ya tumbo lake, juu ya kifua, ndani ya nywele, limechanganyika na damu. Lilikuwa tope la mtu aliyetambaa. Nililitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimewaona watu wengi wakirudi mbele ya macho yangu, na katika wote hao sikuwa nimewahi kumwona hata mmoja aliyerudi.

Hofu yote niliyopaswa kuwa nayo siku zile, nilipokuwa nalala fofofo wakati mama amesimama mlangoni, ilinijia pale kwa mara moja, wakati haikuwa na kazi tena.  Nilianza kulia, na kilio kile kilikuwa kikubwa hata vigelegele vikakatika kimoja baada ya kingine, na watu wakaanza kuulizana mtoto amefanywa nini. Mtu mmoja akasema ni furaha. Mwingine akasema ameogopa mguu.

Baba aliinua mkono kutoka kwenye ngozi, kwa shida, akanishika kisogo, akanivuta mpaka paji langu likagusa lake.

“Unalia nini?” akasema. “Si nimerudi?”

“Baba,” nikamwambia, “kumbe ulikuwa hujarudi.”